Mlango Usioitikia Hodi

Fundi wa mitandao anayeijua kazi yake, akiitwa kuunganisha nyumba mbili, moja Mombasa na nyingine Nairobi, hakimbilii vifaa. Anauliza namba kwanza. Ruta ya Mombasa inagawa anwani zipi, na ya Nairobi je? Mara nyingi jibu ni lile lile: 192.168.1, huku na huku, maana ndivyo ruta nyingi zinavyotoka kiwandani. Kundi hilo la anwani lilitengwa mwaka 1994 ili litumike ndani ya mtandao wowote bila kuomba ruhusa, na nyumba zikiishi mbalimbali hakuna anayeumia. Zikikutana ndipo balaa linapoanza. Kompyuta ya Mombasa ikitumwa kwenye diski ya Nairobi yenye anwani 192.168.1.10, itaitafuta humo humo ndani na isitoke nje kamwe. Basi fundi anahamisha nyumba moja, tuseme kwenye 192.168.40, kisha anazunguka akirekebisha printa na kamera zilizowekewa anwani za kudumu. Mwenye nyumba hulipia kazi hiyo kwa kusitasita, haoni kilichobadilika.

Baada ya hapo ndipo handaki linachimbwa, yaani njia ya fiche kati ya nyumba hizo kupitia intaneti, na siku hizi mafundi wengi hutumia WireGuard, programu iliyoandikwa na Jason Donenfeld na kuingizwa ndani ya Linux 5.6 mwezi Machi 2020. Sehemu yake ya msingi ilikuwa na mistari 4,000 hivi ya msimbo, kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kuketi akaisoma yote. Linus Torvalds, ambaye si mwepesi wa kusifu, aliiita kazi ya sanaa mwaka 2018. Kila upande hutengeneza funguo mbili. Ule wa siri haubanduki pale ulipozaliwa. Ule wa wazi, herufi 44 tu, hupelekwa upande wa pili. Halafu unaandikwa mstari mmoja unaosema ni anwani zipi zinazoruhusiwa kupita kwa ufunguo huo.

Lakini uzuri wake hasa ni ukimya. Anayebisha hodi bila ufunguo unaotambulika haambiwi karibu wala hafukuzwi. Hajibiwi chochote, na hana njia ya kujua kama pana mlango.

Ukimya huo una thamani kwa yeyote anayekumbuka Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilipoingia katika kompyuta za Windows kupitia kasoro ya huduma ya kushirikiana faili. Fundi anayefungua mlango namba 445 wa ruta, unaotumiwa na huduma hiyo, ili watu waone folda zao wakiwa mbali anastahili kunyang'anywa bisibisi. Huduma hiyo ikae ndani, ifikiwe kwa handaki tu.

Kuna kikwazo kingine. Kampuni nyingi za intaneti huwapa wateja wengi anwani moja ya nje, kwa hiyo nyumba haifikiki kutoka nje. Ikiwa upande mmoja una anwani yake wenyewe, inatosha: ule mwingine ndio unaopiga, na kila baada ya sekunde 25 hutuma pakiti ndogo ili njia isizibe. Pande zote zikikosa, hukodiwa seva ndogo ya katikati. Hapo fundi mwaminifu hutoa onyo, kwa kuwa seva hiyo hufungua fiche na kuifunga upya. Aishikaye anaweza kuchungulia.

Handaki likipitika, bado umbali upo. Folda ya picha inayofunguka papo hapo ndani ya nyumba huvuta miguu kutoka mji mwingine, kwani kompyuta huulizana maswali mengi madogo na kila jibu lina safari yake. Dawa ni kuweka nakala kila upande na kutuma mabadiliko tu: Andrew Tridgell wa Canberra, aliyeanzisha Samba, programu ya kushirikiana faili, alitoa pia rsync ya kufanya kazi hiyo mwaka 1996 pamoja na Paul Mackerras. Upande unaopokea hukata nakala yake ya zamani vipande vipande, hukokotoa namba ya utambulisho ya kila kipande na kuzituma. Upande wa pili hulinganisha, kisha hurudisha vile tu visivyolingana. Faili la gigabaiti 2 lililoguswa mahali padogo halisafiri lote.

Mwisho fundi huzima umeme wa ruta zote mbili, akauwasha, na kungoja handaki lijirudie bila kuguswa. Kisha huchukua simu yenye data ya kampuni nyingine na kujaribu mlango 445. Ukijibu, anafungua tena begi lake la vifaa.