Simu Moja Mara Mbili: Namna Babel Ilivyosukwa

Katika Babel, filamu ya Alejandro González Iñárritu ya mwaka 2006, familia za Morocco, Marekani, Mexico na Japani zinaunganishwa na bunduki moja. Mwindaji wa Tokyo alimwachia aliyemwongoza porini huko Morocco, naye akamuuzia mfugaji kwa dirham 500 na mbuzi mmoja. Wana wa mfugaji, wakishindana kulenga shabaha, wakampiga risasi Susan, mtalii Mmarekani aliyekuwa ndani ya basi. Wanaoilaumu filamu hii husema sadfa imezidi. Wangekuwa na haki kama bunduki ndiyo ingeibeba hadithi, lakini kazi yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kinachozifunga familia hizi ni jinsi mwandishi Guillermo Arriaga na wahariri Stephen Mirrione na Douglas Crise walivyopanga nani ajue nini, na mtazamaji akijue lini.

Ushahidi mkubwa ni simu. Mwanzoni kabisa, mara baada ya risasi kufyatuliwa, Amelia, yaya kutoka Mexico, anapokea simu nyumbani San Diego. Anayepiga ni Richard, mume wa Susan. Mtazamaji hudhani mambo ya Morocco na ya San Diego yanakwenda sambamba, na kwa muda wa saa mbili filamu haimsahihishi. Kumbe Richard anapiga kutoka hospitalini, baada ya saa ndefu za kusubiri kijijini na helikopta kufika. Tunaisikia simu hiyohiyo tena karibu na mwisho, safari hii tukiwa upande wake, akilia huku mwanawe Mike akimsimulia habari za shule. Kati ya simu mbili hizo tumeshamwona Amelia akiwapeleka watoto Mexico kwenye harusi ya mwanawe, akipotea nao jangwani, kisha akifukuzwa Marekani baada ya miaka 16. Kwa hiyo simu inaporudi, sisi tunajua yatakayompata huyo yaya, ilhali wao wawili hawana habari.

Yupo atakayesema huu ni ujanja wa meza ya uhariri tu, na kwamba hadithi ingeweza kusimuliwa kwa mpangilio wa siku. Ingeweza, lakini harusi na jangwa vingekuja baada ya Susan kuokolewa, na Amelia angekuwa kiambatisho cha masaibu ya waajiri wake. Kwa kuchanganya nyakati, wahariri wanampa uzito sawa na Wamarekani walioigizwa na Brad Pitt na Cate Blanchett.

Pingamizi zito zaidi ni la Tokyo, kwa kuwa Chieko, msichana kiziwi anayeigizwa na Rinko Kikuchi, anahusishwa na bunduki kupitia baba yake tu, yule mwindaji. Kwa tukio ni kweli, uzi ni mwembamba. Lakini itazame sehemu ya disko: taa zinamulika, muziki unatikisa ukumbi, kisha sauti inakatwa kabisa na tunabaki na midomo inayocheka na miili inayoruka. Muziki unarudi, unakatwa tena. Hapa mtazamaji anawekwa mahali pa asiyefikiwa na habari, jambo lilelile ambalo simu inafanya kwa kutumia wakati. Mpiga picha Rodrigo Prieto naye alitofautisha vifaa: filamu ya milimita 16 yenye chembechembe kwa Morocco, milimita 35 kwa Mexico, na kwa Tokyo lenzi za anamofiki, ambazo hufifiza mandhari nyuma ya Chieko hadi aonekane peke yake katikati ya umati.

Panapolegea ni mpakani. Santiago, mpwa wa Amelia, anawakimbia askari akiwa amelewa, halafu anamtelekeza shangazi yake na watoto gizani. Uamuzi huo haukuandaliwa vya kutosha, na unaonekana kutokea kwa sababu hadithi inalihitaji jangwa. Ila kinachofuata kimepimwa vizuri. Afisa wa uhamiaji anamwarifu Amelia kwamba Richard hatamshtaki. Neno la Richard mwenyewe kwa Amelia hatulisikii hapo. Tutakalolisikia ni lile la simu, alilolisema kabla ya yote.