Hodi, na Chumvi ya Lindi

Mgeni anayetaka kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani haanzii ufukweni. Huanzia ofisini, Kilwa Masoko, achukue kibali, ndipo atafute mashua. Bahari iko wazi na magofu mengi hayana paa, lakini hodi ni hodi. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na kila nivukapo na kibali mfukoni huikumbuka sehemu ya ufundi wangu isiyosifiwa na mtu: kuweka neno la siri kwenye anwani moja, na kuziacha nyingine wazi.

Aliyejenga Husuni Kubwa, huko huko Kisiwani, aliijua kazi hii. Jumba hilo la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la karne ya 14, lina vyumba zaidi ya 100. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipolifukua katika miaka ya 1960 alikuta mpangilio: kusini, ua mpana uliozungukwa na vyumba vinavyodhaniwa kuwa maghala, kaskazini, juu ya mwamba unaotazama bahari, makazi ya mwenye jumba. Nadhani si kila aliyefika uani na mzigo wake alifika huko. Nyumba zetu za mawe zina adabu hiyo hiyo: baraza ni ya kila mpita njia, daka ni ya aliyebisha, ndani ni kwa wenyewe. Na hakuna anayeudhika kwa kupokewa barazani.

Seva nayo ni nyumba ya namna hiyo. Anwani fupi ya tovuti ndiyo baraza. Zinazofuata baada ya mkwaju ni vyumba. Fundi huandika mistari michache katika faili la mipangilio la programu ya seva, kama Apache au Nginx, akataja chumba cha kulindwa na faili lenye majina ya watu wa ndani. Kuanzia hapo, anayekiomba chumba kile hujibiwa kwa namba 401. Watu huiogopa namba hiyo, kumbe ni swali tu: nani? Wazee walitufunza kwamba anayebisha hodi hajibu “mimi”, hutaja jina. Kivinjari hufanya vivyo hivyo, kikafungua kisanduku na kusubiri jina na neno la siri. Jibu la 403 ndilo la mlango usiojali umejitaja nani.

Utamu wa kazi uko kwenye lile faili la majina, kwani halitunzi maneno ya siri yenyewe. Kila neno husagwa kwa hesabu isiyorudi nyuma, kama unga usivyorudi kuwa punje. Mgeni akija, neno lake nalo husagwa, unga ukalinganishwa na unga. Lakini watu wawili wakichagua neno moja, unga wao utafanana, na mwizi akimjua mmoja kawajua wote wawili. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza dawa yake: kabla ya kusaga, tia herufi chache za kubahatisha, kila mtu na zake. Herufi hizo huitwa chumvi.

Nilicheka nilipolisoma neno hilo, maana nimekulia jirani na mashamba ya chumvi ya Lindi, ambako maji ya bahari hulazwa juani hadi yabaki meupe. Chumvi ya seva nayo haifichwi. Hukaa wazi kando ya unga wake. Kazi yake ni kuhakikisha kila neno limepikwa chungu chake. Mwaka 1999 Niels Provos na David Mazières wakaongeza subira: njia yao iitwayo bcrypt husaga polepole kwa makusudi. Mgeni mmoja hahisi kitu. Mwizi anayejaribu maneno mamilioni huchwewa njiani.

Nami nimekosea. Mwaka wangu wa kwanza nililiweka faili la majina ndani ya folda ile ile inayoonyeshwa na tovuti: kufuli madhubuti, ufunguo barazani. Tena sikuweka https, na bila hiyo neno la siri husafiri limebadilishwa vazi tu. Anayesikiliza njiani hulitambua.

Juzi mzee mmoja mwenye shamba la chumvi alitaka tovuti yake yote ifungwe, iwe kama Gereza, ile ngome ya Kilwa Kisiwani.

“Mzee,” nikamwuliza, “mnunuzi atabisha wapi?”

Tukafunga anwani moja, ya daftari la mauzo. Bei tukaziacha barazani. Wiki haikwisha, akanipigia simu.

“Fundi, nimekataliwa kwangu! Hebu nikumbushe lile neno.”

“Silijui, mzee. Hata seva yenyewe hailijui.”

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. “Basi nyumba imefungwa kweli.”

Tukachagua neno jipya. Yaani, alilichagua yeye, mimi nikatazama pembeni.