Fundi wa Rada na Theluji ya Ontario

Theluji nyingi inayowaangukia watu wa mashariki mwa Ziwa Ontario, katika jimbo la New York, haikusafiri kutoka mbali. Hutengenezwa hapohapo ziwani. Upepo mkavu wa baridi huteremka kutoka Kanada, hupita juu ya maji ambayo bado yameshika joto la kiangazi, hubeba mvuke, na hadi ufike ng'ambo umekwisha kuwa wingu zito. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 300 na ushei, lina kina kirefu, na ni nadra kuganda lote, kwa hiyo mambo haya huweza kuendelea mpaka baridi iishe. Wataalamu hutazama tofauti ya joto kati ya uso wa maji na hewa iliyo kilomita moja na nusu juu yake. Ikifika digrii 13 hivi, wanaanza kupakia vifaa.

Upepo ukifuata urefu wa ziwa, mawingu hujikusanya kuwa ukanda mmoja mrefu na mwembamba. Ndani ya ukanda huo dereva haoni pua ya gari lake. Kilomita 20 pembeni, jua linawaka. Desemba 2013 ukanda wa namna hiyo ulimwaga zaidi ya mita 1 ya theluji kwa saa 24 huko North Redfield, kwenye uwanda wa juu wa Tug Hill. Msomaji wa Mwanza au Bukoba hatastaajabu sana kusikia ziwa likijitengenezea hali yake ya hewa. Victoria nalo hufyatua radi zake usiku, ingawa kwa njia nyingine.

Theluji hii huchunguzwa pia kwa rada iliyobebwa na lori. Marekani ina rada za kudumu zaidi ya 150, na mtu anaweza kuuliza lori la rada linatafuta nini huko. Jibu ni umbo la dunia. Dunia hujipinda, mwale wa rada haujipindi kiasi hicho. Mwale uliolazwa kwa nusu digrii tu ukisafiri kilomita 100 unakuwa umeshapaa karibu kilomita moja na nusu juu ya ardhi. Tena, kama mwanga wa tochi, unazidi kutanuka kadiri unavyokwenda. Mawingu ya theluji ya ziwa ni mafupi, mara nyingi vilele vyake havivuki kilomita 3. Rada ya mbali huyaona vichwa tu, na yanayotokea kiunoni na miguuni haina habari nayo. Hata ile ya kudumu iliyojengwa juu ya Tug Hill huanza kutazama ikiwa tayari imepanda mlima. Dawa yake ni kusogea karibu na kukaa chini.

Mwaka 1995 Joshua Wurman na wenzake walilipandisha dishi la rada juu ya lori, wakaliita Doppler on Wheels. Walilitaka kwa ajili ya vimbunga vya tornado, na huko ndiko lilikopatia umaarufu. Mimi navutiwa zaidi na lori hilohilo likiwa kwenye theluji. Tornado ni mbio na dakika chache za moto. Theluji ni kukesha, na ufundi wa mtu unaonekana vizuri zaidi anapokesha. Malori hayo yalikuwepo Ontario wakati wa utafiti ulioitwa OWLeS, kati ya Desemba 2013 na Januari 2014, na kabla ya hapo wanafunzi na walimu wa chuo kikuu cha jimbo kilichopo Oswego walikuwa wameshayatumia kando ya ziwa.

Kazi huanza kabla theluji haijaanguka, na huanza kwa kutafuta mahali. Panatakiwa pawe wazi upande wa ziwa, pasiwe na miti wala maghala, barabara iwe ya kupitika hata baada ya usiku mzima wa theluji. Mahali pazuri kabisa hapapo. Kila kiwanja kina mnara wake, au mstari wake wa misonobari, na fundi huchagua kasoro atakayoweza kuishi nayo.

Kisha lori linasawazishwa. Theluji laini hufukuliwa kwanza ili jeki za haidroliki zikanyage ardhi ngumu, halafu magurudumu huinuliwa kidogo kidogo huku mtu akisoma kipimo cha ulalo. Hapa hakuna kubabaisha. Lori likiinama digrii 1, wingu lililo umbali wa kilomita 50 litachorwa karibu mita 900 juu au chini ya mahali pake halisi. Kwa wingu la kilomita 2 hilo si kosa dogo, ni kulihamisha wingu.

Baada ya hapo inabidi kujua kaskazini iko wapi. Dira haifai, kwani lori zima ni chuma na nyaya. Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya kuliuliza jua. Jua, pamoja na mwanga wake, hutoa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo hupenya mawingu. Fundi huzima kurusha, akaacha kupokea tu, halafu akalielekeza dishi pale ambapo kompyuta inasema jua linapaswa kuwa kwa saa ile na mahali pale. Analisogeza taratibu kushoto, kulia, juu, chini. Nje ni kijivu kitupu, hakuna anayeweza kunyoosha kidole na kusema jua lile pale. Lakini kwenye skrini mnong'ono wa kipokezi unapanda kidogo, unafika kilele, unashuka. Pale kwenye kilele ndipo jua lilipo. Tofauti kati ya pembe iliyosomwa na pembe iliyotarajiwa inaandikwa, na kuanzia hapo kila picha itasahihishwa kwa tarakimu hiyo.

Ndipo usiku unaanza. Dishi la mita 2.4 linazunguka juu ya paa bila kuba la kulikinga, likipanda ngazi moja ya pembe baada ya nyingine, halafu linasimama upande mmoja na kulikata wingu wima, kutoka ardhini hadi juu. Ndani ya kibanda mambo ni ya kawaida mno: viti viwili vitatu, feni za kompyuta, kahawa. Nje kuna jenereta, na bomba lake la moshi lazima liwe wazi saa zote, kwa sababu theluji ikiliziba, gesi yenye sumu inaweza kurudi kwa watu. Theluji ya majimaji ikiganda kwenye dishi hufifisha ishara, na anayelitazama wingu anaweza kudhani linakufa kumbe dishi limechafuka.

Lakini pale ninapomvulia kofia mwendeshaji ni kwenye picha ya mwendo wa upepo. Rada ya Doppler hupima mwendo kwa kulinganisha mwangwi wa pigo moja na wa pigo linalofuata, na kwa mawimbi ya sentimita 3 kuna bei ya kulipa. Ukitaka kuona hadi kilomita 60, mwendo mkubwa unaoweza kuusoma bila utata ni mita 20 hivi kwa sekunde. Ukitaka mwendo zaidi, unapunguza umbali. Upepo ukizidi kipimo hicho, namba hujikunja: upepo unaokimbia kwa mita 25 kutoka kwenye lori utachorwa kana kwamba unakuja kwa mita 15. Rangi hugeuka ghafla, nyekundu kali ikagusana na kijani bila kupitia sifuri. Mgeni akiona hivyo ataruka kitini akidhani amepata kimbunga.

Balaa ni kwamba wakati mwingine kimbunga kipo kweli. Ndani ya kanda za Ontario malori haya yaliona vizunguko vidogo vya upepo vikiwa vimepangana mstari pale pepo mbili zinapokutana, na Scott Steiger wa Oswego na wenzake walichapisha habari zake mwaka 2013. Kizunguko nacho huziweka rangi mbili zinazopingana ubavu kwa ubavu. Sasa nani atasema lipi ni lipi? Mwendeshaji mzoefu habishani na picha. Anabadilisha kasi ya mipigo na kusubiri mzunguko unaofuata. Mkunjo wa namba utahama au kutoweka, kwa kuwa ulitokana na mpangilio wa rada. Kizunguko kitabaki palepale, au kitakuwa kimesogea na upepo kama inavyotazamiwa. Jambo lote huchukua muda mfupi sana, na mara nyingi hakuna mwingine kibandani anayegundua kwamba limefanyika.

Malori mapya hurusha mawimbi ya ulalo na ya wima kwa pamoja, na kwa kulinganisha marejeo yake mtu hupata fununu ya umbo la theluji. Fuwele bapa huanguka zikiwa zimelala, hivyo hurudisha zaidi wimbi la ulalo. Vipande vilivyoshikamana kuwa matonge havina upendeleo mkubwa.

Kuhusu Tug Hill, wengi walitarajia kwamba mawingu yakigonga mwinuko yangechachamaa. Vipimo vya OWLeS vilionyesha jambo la utulivu zaidi: kutoka ufukweni kwenda juu, misukosuko ndani ya mawingu hupungua, na theluji huanguka kwa mfululizo zaidi, bila mapengo. Ugunduzi wa aina hiyo hautoki kwenye picha moja ya kusisimua. Unatoka kwenye saa nyingi za vipimo vilivyopimwa vilevile, na ndiyo maana upepo unapogeuka na ukanda kuhamia kusini, uamuzi wa kukunja jeki na kuufuata si mwepesi. Kuhama ni kupoteza vipimo vya njiani, pamoja na kusawazisha lori upya gizani. Mara nyingi mafundi hukaa, wakitumaini upepo utarudi, na kila kitu huandikwa daftarini: saa ya kubadili mipigo, saa ya kufuta dishi, pembe zilizozibwa na kitu. Miaka kadhaa baadaye mwanafunzi aliyeng'ang'ana na doa la ajabu upande wa kaskazini-mashariki atalifungua daftari hilo, apate jibu la neno moja: miti.