Fundi Asiyehukumu kwa Dhana

Katika kazi zote za mikono zinazofanywa kwenye gereji za Gerezani, Dar es Salaam, sijaona inayostahiki sifa kuliko ile ya fundi aletewaye lori kuukuu la petroli linalomisi, ambalo mwenyewe ameshalinunulia plagi mpya, na koili mpya, na pengine kabureta nyingine, wala ila yake haikuondoka.

Nalitaja hasa Bedford TK, lililoanza kuundwa Uingereza mwaka 1959, ambalo injini yake imekaa nyuma ya kiti cha dereva na hufikiwa kwa kufunua vifuniko vya ubavuni. Silinda zake sita huwaka kwa zamu ya 1, 5, 3, 6, 2, 4. Na injini izungukapo mara 600 kwa dakika, yaani inaponguruma polepole lori limesimama, cheche 30 hutakiwa kila sekunde.

Fundi hodari haanzi kwa kushika spana. Huuliza kwanza: linamisi likiwa baridi, au likishapata moto? Maana kondensa iliyochoka aghalabu hujisitiri asubuhi na kufedheheka adhuhuri, ilhali gasketi ya manifoldi inayovuta hewa huudhi zaidi injini ikizunguka polepole. Kisha, injini ikinguruma, huchomoa waya wa plagi mmoja baada ya mwingine, kwa koleo lenye mpini wa mpira, naye ametega sikio: silinda njema ikinyimwa moto, mlio hulegea, ile ambayo ikinyimwa hapana kinachobadilika, ndiyo yenye kosa. Hata hapo, kama kadhi asiyeridhika na shahidi mmoja, hakati shauri, bali huibadilisha plagi yake na ya silinda jirani. Kosa likiifuata, plagi ndiyo mbovu, na likibaki palepale huendea waya, kisha kompresheni. Akiikuta haba, hutia oili kidogo katika tundu la plagi na kupima tena: ikipanda, ringi zimelika, isipopanda, huzishuku valvu.

Lakini ustadi ulionipendeza kupita wote niliuona usiku, pale fundi mmoja alipozima taa zote, akafunua ubavu wa lori, akaamuru injini iwashwe; na katika kiza kile tukaona juu ya kifuniko cha distributa cheche ya samawati, nyembamba, ikirukaruka kutoka tundu la silinda ya tano hadi la ya tatu. Palikuwa na ufa usioonekana mchana, ulioingiwa na vumbi na unyevu wa pwani, na umeme wa koili, wa volti zaidi ya 10,000, ukauona ni njia nyepesi. Kwani wakati silinda ya tano imebana hewa yake tayari kuwaka, ya tatu, iliyo zamu inayofuata, ndiyo kwanza inaanza kubana. Plagi zisingalitibu neno hilo, hata zingalibadilishwa kila mwezi.

Kifuniko kipya kilifungwa kwa muda mfupi, na bei yake haikufika hata nusu ya vyombo vilivyokwisha kununuliwa bure. Basi, enyi wenye malori, fundi wa namna hii akimaliza kazi yake, msimhesabie kwa chombo alichofunga tu; mlipeni na saa alizotumia kutafuta.