Mgeni Angani: Vitenzi Vinne vya Himaya na Hukumu za Wachezaji katika Michezo ya Kidijitali ya Anga za Juu

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna wachezaji wa michezo ya kidijitali ya mikakati na mapigano ya anga za juu wanavyoihukumu michezo hiyo. Michezo minne imeteuliwa: Master of Orion (1993), Homeworld (1999), EVE Online (2003) na Stellaris (2016). Kwa kuongozwa na Nadharia ya Upokezi, makala inadai kwamba hukumu za wachezaji hujengwa juu ya vigezo vitatu: uzito wa uamuzi, uzito wa hasara na uzito wa hadithi. Aidha, inaonesha kuwa istilahi ya Kiingereza iliyozoeleka katika kuutambulisha utanzu huu huficha swali la kimaadili ambalo sarufi na msamiati wa Kiswahili hulifichua. Inapendekezwa kwamba istilahi za Kiswahili ziulinde ufichuzi huo badala ya kuuzika.

1.0 Utangulizi

Mapigano ya angani ni miongoni mwa mada kongwe katika michezo ya kompyuta. Mwaka 1962, Steve Russell na wenzake katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani walikamilisha mchezo wa Spacewar! kwenye kompyuta ya PDP-1. Humo vyombo viwili hurushiana makombora huku vikivutwa na nyota iliyo katikati. Tangu hapo bunilizi ya kisayansi katika michezo imekua kwa matawi mawili: tawi la mapigano, linalotegemea wepesi wa jicho na mkono, na tawi la mikakati, linalotegemea subira na hesabu. Michezo inayojadiliwa hapa imeelemea zaidi tawi la pili, ijapokuwa vita haviko mbali.

Jamii ya Waswahili si ngeni kwa michezo ya mikakati. Bao la Kiswahili, lenye safu nne za mashimo manane na kete 64, lina msamiati wake wa kuelezea na kutathmini uchezaji: namua, mtaji, takata. Anayeketi barazani kutazama bao hahesabu kete zilizoliwa tu; hupima pia kama mchezaji aliona mbali au alikurupuka. Uhakiki wa mchezo, kwa hiyo, si bidhaa inayopaswa kuagizwa kutoka nje. Kinachopungua ni istilahi za kuihakiki michezo mipya, na istilahi huja na mtazamo wa aliyeziunda.

Nadharia ya Upokezi, kama ilivyoasisiwa na Hans Robert Jauss katika mhadhara wake wa Konstanz mwaka 1967, hushikilia kwamba kazi ya sanaa hupokelewa ndani ya upeo wa matarajio ambao mpokeaji huja nao. Kazi inapoutimiza upeo huo hupokelewa kwa utulivu. Inapouvunja huzua ubishi. Dhana hii inaufaa mchezo wa kidijitali kuliko hata riwaya, kwa kuwa mchezo huweza kubadilishwa na watengenezaji baada ya kununuliwa. Msomaji wa riwaya hawezi kuamka asubuhi akakuta sura ya tatu imeandikwa upya. Mchezaji anaweza.

2.0 Vigezo Vitatu vya Hukumu

2.1 Uzito wa Uamuzi

Kigezo cha kwanza ni kama uamuzi wa mchezaji una uzito. Mfano mwafaka ni Stellaris, mchezo wa kampuni ya Paradox ya Uswidi. Ulipotoka mwaka 2016, mchezaji alichagua mwanzoni mojawapo ya njia tatu za kusafiri kati ya nyota: kuruka moja kwa moja, kupita katika njia maalumu zilizounganisha nyota, au kutumia vituo vya kufungua mashimo ya angani. Toleo la 2.0 la Februari 2018 liliuondoa uchaguzi huo. Himaya zote zilianza kwa kupita katika njia maalumu.

Wachezaji waligawanyika. Waliolalamika walidai kunyang'anywa kitu walichokuwa tayari wamekilipia, na kwamba anga isiyo na njia nyingi imegeuka kuwa barabara. Waliounga mkono walijibu kwamba palipo na njia moja pana vichochoro, na palipo na vichochoro pana ngome. Adui akiweza kutokea popote, kujenga ngome ni kupoteza mali. Mgogoro huu haukuhusu tu wingi wa uhuru. Uhuru wa kuchagua njia ulipunguzwa ili uamuzi wa mahali pa kujilinda upate maana. Pande zote mbili zilitumia kigezo kimoja, uzito wa uamuzi, ila zilikipima katika nyakati mbili tofauti za mchezo: mwanzoni, kabla ya safari, na katikati, vita vinapobisha hodi.

2.2 Uzito wa Hasara

Kigezo cha pili kinaonekana wazi katika EVE Online, mchezo wa kampuni ya CCP ya Iceland uliozinduliwa mwaka 2003. Wachezaji wake huishi katika ulimwengu mmoja wa pamoja, na chombo kikiangamizwa hakirudi. Mnamo tarehe 27 Januari 2014, muungano mmoja wa wachezaji ulipoteza mamlaka juu ya mfumo wa nyota uitwao B-R5RB kwa sababu ada ya umiliki haikulipwa. Vita vilivyofuata vilidumu takriban saa 21, vikawahusisha zaidi ya wachezaji 7,000, na kuteketeza manowari 75 za daraja la Titan, zilizo kubwa kuliko zote. Thamani ya vilivyopotea ilikadiriwa kuzidi dola 300,000 za Marekani.

Wachezaji wengi huvitaja vita hivyo kwa fahari, wakiwemo walioshindwa. Kwa mtazamo wa kawaida hilo ni kinaya. Kwa kigezo cha hasara si kinaya hata kidogo. Ushindi usioweza kumgharimu mtu kitu hauna simulizi. Hata hivyo, wachezaji haohao hutofautisha hasara iliyotokana na mpinzani na hasara iliyotokana na mwenye mchezo. Mwaka 2011, CCP ilipoanza kuuza mapambo ya wahusika kwa bei iliyoonekana ya kukufuru, ikiwemo miwani ya jicho moja, mamia ya wachezaji walikusanya vyombo vyao katika mfumo wa Jita na kuufyatulia risasi mnara uliokuwa hapo. Baraza la wawakilishi wa wachezaji, ambalo lilikuwa limeanza kuchaguliwa mwaka 2008, liliitwa Reykjavik kwa kikao cha dharura. Maoni hayo hayakuandikwa tu, yalitendwa. Ni uhakiki uliotumia lugha ya kazi yenyewe inayohakikiwa.

2.3 Uzito wa Hadithi

Kigezo cha tatu kinahusu maana. Homeworld, uliotengenezwa na Relic Entertainment ya Vancouver nchini Kanada, husifiwa kwa kuwa ulimruhusu mchezaji kuamrisha vyombo juu, chini na pande zote. Hata hivyo sifa hiyo ya kiufundi siyo inayotajwa kwa hisia nzito kabisa. Kinachokumbukwa ni kurudi Kharak: safari ya kwanza ya majaribio imekamilika, chombo mama kinarejea nyumbani, na sayari inawaka moto. Muziki wa polepole wa Samuel Barber unasikika, na kazi ya mchezaji ni kuwaokoa waliolala katika vyumba vya barafu, ambao ndio mabaki ya taifa.

Mchezo haumwambii mchezaji ahuzunike. Unamwachia kile ambacho Wolfgang Iser angekiita pengo, na mchezaji hulijaza. Aidha, vyombo vilivyosalia katika vita kimoja huendelea hadi kingine, hivyo kila chombo kilichopotea ni ndugu asiyefika. Hapa hasara na hadithi zimekuwa kitu kimoja. Homeworld 3 ulipotoka Mei 2024, wachezaji wengi walisifu uzuri wa picha lakini wakaikosoa hadithi yake kwa kuzungukia watu wachache na kulisahau taifa. Upeo wa matarajio uliojengwa mwaka 1999 ulikuwa bado hai baada ya robo karne.

3.0 Vitenzi Vinne

Licha ya utajiri huo wa vigezo, utanzu wenyewe hutambulishwa kwa fomula moja. Mwaka 1993 mwandishi Alan Emrich, akiutangulizia wasomaji wa jarida la Computer Gaming World mchezo wa Master of Orion, aliufafanua kwa vitenzi vinne vya Kiingereza ambavyo vyote hubeba sauti ya herufi X. Ndipo lilipozaliwa jina la 4X. Kwa Kiswahili vitenzi hivyo huweza kufasiriwa kuwa kuchunguza, kupanuka, kuvuna na kuangamiza.

Fomula hii ni tamu mdomoni, na utamu huo ndio unaotia shaka. Kwanza, haiuelezi kikamilifu hata mchezo ulioizaa. Katika Master of Orion, mchezaji anaweza kushinda kwa kuchaguliwa na theluthi mbili ya kura za baraza la galaksi, bila kumwangamiza kila mpinzani. Kitenzi cha nne kilipata nafasi yake kwa mvuto wa sauti kuliko kwa ulazima wa kanuni.

Pili, alfabeti ya Kiswahili haina herufi X. Mfasiri hawezi kujificha nyuma ya pambo. Hulazimika kuchagua maana. Ugumu unakuja katika kitenzi cha tatu. Neno la Kiingereza hubeba kwa pamoja matumizi halali ya mali na dhuluma kwa mtu. Kiswahili huyatenga: kuvuna ni kimoja, kunyonya ni kingine. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, unyonyaji ni neno lenye historia ya kisiasa ambayo mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kujifanya haisikii. Anayefasiri kuwa kuvuna amekwisha kuiondolea himaya hatia. Anayefasiri kuwa kunyonya amekwisha kuihukumu.

4.0 Mgeni ni Nani?

Sarufi huongeza swali la pili. Kitenzi elekezi cha Kiswahili, kinapopewa kiambishi cha mtendwa, humlazimisha mzungumzaji kusema ni nani au ni nini kinachotendwa. Kuivuna sayari si sawa na kuwanyonya wakaazi wake. Stellaris humruhusu mchezaji kuwatumikisha watu wa jamii nyingine, kuwahamisha kwa nguvu au kuwaangamiza, na humruhusu vilevile kuwapokea na kuwapa haki sawa. Kwenye kioo, jamii hizo huonekana kama takwimu na vijipicha. Mara tu mchezaji anapozizungumzia kwa Kiswahili, lazima aamue: amewahamisha, au amezihamisha? Kiambishi -wa- huwarudishia uhai ambao takwimu ziliuchukua.

Hali ni hiyohiyo kwa neno mgeni. Kiumbe wa sayari nyingine katika bunilizi za kisayansi huitwa kwa Kiswahili kiumbe mgeni. Lakini katika michezo hii anayesafiri ni mchezaji. Ndiye anayefika katika nyota za wenzake, akazitia rangi ya himaya yake kwenye ramani, kisha akawaita wenyeji wageni. Wenyeji wa Afrika Mashariki wana kumbukumbu ya ramani za namna hiyo. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliiweka Uganda upande mmoja na Rwanda na Burundi upande mwingine, ukiamuliwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuyaona maeneo hayo. Methali husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Vitenzi vinne vya himaya humgeuza mgeni kuwa mwenye nyumba, na mwenyeji kuwa kizuizi.

5.0 Pingamizi

Huenda ikadaiwa kwamba mchezo ni mchezo. Johan Huizinga, katika kitabu chake cha mwaka 1938, aliuona mchezo kama eneo lililotengwa na maisha ya kawaida, lenye sheria zake. Anayekula kete katika bao si mwizi, na anayeteketeza galaksi ya kufikirika si muuaji. Pingamizi hili lina nguvu, na makala hii haidai kwamba mchezaji hujifunza ukoloni kwa kuucheza.

Hoja hapa ni nyingine. Wachezaji wenyewe hawaiheshimu mipaka hiyo wanapotoa hukumu. Hulilia Kharak, hudai haki kwa kampuni, na hubishana iwapo himaya ya wauaji katika Stellaris ni dhihaka, jaribio la kifikra au kukosa adabu. Wakishaleta maadili katika uhakiki wao, mhakiki hawezi kuyatoa kwa kisingizio cha usafi wa nadharia. Kinachobaki ni kuuliza kama lugha wanayopewa inawasaidia kusema wanachokiona.

6.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba hukumu za wachezaji ni uhakiki kamili wenye vigezo vinavyotambulika, na kwamba jina maarufu la utanzu huu ni finyu kuliko hukumu hizo. Inapendekezwa mambo mawili kwa waundaji wa istilahi. Mosi, utanzu uitwe michezo ya himaya za angani, jina linaloeleza kinachojengwa bila kuamuru kinachoangamizwa. Pili, kitenzi cha tatu kisifasiriwe kwa neno moja la kudumu. Kuvuna kitumike kwa vitu, kunyonya kitumike kwa watu, na kila mwandishi alazimike kuonesha ni kipi anachokizungumzia. Istilahi za namna hiyo zitakuwa ndefu kidogo kuliko herufi nne zinazofanana, lakini zitamwachia kijana anayecheza na kuhakiki kwa Kiswahili uwezo wa kusema wazi ni nani aliyefika, ni nani aliyekuwapo, na ni nini kilichotendeka baina yao.