Shilingi Juu ya Sindano

Mashine ya santuri ya mzee ni Thorens TD 160, modeli iliyotoka mwaka 1972. Aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, akaileta Buruburu kwa matatu akiwa ameipakata kama mtoto mchanga. Hiyo hadithi tumeisikia mara mia. Alipofariki, mashine ilinifikia mimi, pamoja na katoni mbili za santuri na shilingi moja ya Moi iliyobandikwa kwa selotepu juu ya kichwa cha mkono, pale sindano inaposhikiliwa.

Mwaka jana niliung'oa huo mkono. Nikaweka Rega RB300 ya mtumba, mkono uliotoka mara ya kwanza 1983, bomba lake likiwa kipande kimoja cha alumini kisicho na kiungo. Bei siitaji hapa kwa sababu mathe husoma hizi vitu zangu. Fundi mmoja wa Kariobangi Light Industries alinichongea ubao wa kuushikilia: shimo la milimita 24, na milimita 222 kutoka katikati ya sahani hadi katikati ya egemeo la mkono. Alipima mara tatu kabla ya kutoboa. Akaniuliza hii ni ya nini. Nikamwambia ni ya kusikiliza benga. Alinicheka, lakini shimo lilitoka sawa kabisa.

Sasa, wasee wa hi-fi wana lugha yao. Badilisha mkono, wanasema, na "pazia litaondoka". Nimesoma hiyo sentensi mara nyingi sana, na ningependa kuijibu kama mtu aliyelipa doo yake mwenyewe: pazia liliondoka, ndiyo. Lakini nusu ya maajabu haikutoka kwa chuma. Ilitoka kwa karatasi ya kupimia pembe ya sindano niliyoprinti kwa cyber. Santuri huchongwa kwa mashine inayosogea kwa mstari ulionyooka. Mkono wetu unazunguka kwenye egemeo, kwa hiyo unapita kwa tao. Sindano hukaa sawasawa na mfereji kwenye nukta mbili tu za safari nzima. Mswidi Löfgren alishapiga hesabu hiyo mwaka 1938. Mkono wa mzee ulikuwa umelegea, na sidhani kama kuna mtu aliwahi kuupima. Kama una mashine kejani, anza na karatasi kabla ya kuuza figo.

Lakini kwa nini hii ni habari ya muziki wetu, si ya matajiri wa Runda na waya zao? Angalia jinsi muziki wenyewe ulivyouzwa. Bendi za Nairobi za miaka ya 70 zilitoa nyimbo zao nyingi kwa santuri ndogo za 45. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili. Upande A, waimbaji wanakueleza shida zao. Unageuza. Upande B, maneno yanapungua na magita yanashika moto hadi mwisho. Na mwisho wa santuri uko ndani, karibu na lebo, ambako duara ni dogo, mfereji unapita polepole chini ya sindano, na mawimbi ya sauti yamebanana. Hapo ndipo kila kosa la mkono husikika zaidi. Yaani pale gita linapopanda ndipo mashine mbovu inapoanguka. Tumekua tukidhani kwamba gita la benga mwishoni hukwaruza tu, eti ndiyo ladha yake. Si ladha. Ilikuwa mikono yetu.

Nilianza na Sina Makosa ya Les Wanyika. Besi ya Tom Malanga nimeisikia kwa matatu, kwa harusi, kwa matanga. Kwa mkono wa zamani ilikuwa mngurumo mmoja mnene. Kwa mpya, kila noti inaanza na inaisha, na kuna nafasi katikati ambapo huyo jamaa ameamua kunyamaza. Ni hapo nilielewa kwa nini watu hucheza wimbo huu polepole: mwili unangojea.

Halafu nikaweka santuri moja ya benga ambayo lebo yake imechakaa hata jina halisomeki. Upande B. Dakika ya kwanza, poa sana. Kisha tukakaribia ndani, na nikasikia vitu viwili kwa pamoja ambavyo awali vilikuwa kitu kimoja: gita la solo, safi, na chini yake mkwaruzo, kama mtu anayefagia changarawe. Mfereji ulikuwa umelimwa. Sindano ile ilitaka uzito usiofika gramu mbili. Shilingi peke yake ilizidisha huo uzito mara kadhaa. Nilicheza santuri zingine. Hadithi ni ile ile: mwanzo ni mzima, mwisho umelimwa.

Nilimkasirikia mzee, nisiwafiche. Mtu anabeba Thorens kwa matatu kama mtoto, kisha anaiwekea shilingi kichwani?

Nilimpigia mathe simu, akaja Jumapili. Nikamwekea ile ya benga, nikamwonyesha mahali inapokwaruza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo shilingi niliweka mimi," akasema. "Babako alikuwa nightshift. Wamama wa chama walikuwa wakija hapa, na tukicheza sindano inaruka."

Bila shaka iliruka. Sahani ya TD 160 imekaa juu ya springi tatu. Weka wamama kumi wakicheza benga kwenye sebule ya Buruburu uone. Walikuwa wanaruka juu ya sakafu ile ile, na walitaka ule mwisho wa upande B, tena na tena, ndiyo maana umelimwa hapo.

Siku hizi wakusanyaji wanatafuta nakala safi, isiyo na alama. Lebo kama Soundway ya London, iliyotoa Kenya Special mwaka 2013, zimetufanyia kazi kubwa: nyimbo ambazo zingepotea tunaweza kuzipata kwa simu. Nashukuru. Ila nina mashaka na sikio tunalojifunza huko, sikio linalodhani mkwaruzo ni uchafu tu. Nakala safi ya benga ni nakala ambayo pengine haikuchezewa na mtu. Mkono mzuri haukuniondolea mkwaruzo, na sitaki uniondolee. Ulitenganisha, huku bendi na huku chama cha mathe, nikaweza kusikiliza yote mawili.

Kwa hiyo hukumu yangu: RB300 inafaa pesa yake, hasa kwa anayemiliki santuri mbovu. Wenye nakala safi watasikia bendi peke yake.

Mkono wa zamani nimeuhifadhi kwenye mkebe wa Kimbo. Shilingi mathe aliichukua. Alipokuwa anaenda stage ya 58 aliniuliza kama huu mpya unaweza kustahimili watu wakicheza. Nikamwambia sijui, hatujajaribu.

"Basi waite watu," akasema.