Nani Kasema Hawataelewa?

Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lijulikanalo pia kama Tamasha la Nchi za Jahazi, liliasisiwa mwaka 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Limekwisha kuvuka robo ya karne, nalo limewapa jukwaa watengenezaji wa filamu wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Wengi hulisifu kwa maonyesho ya usiku ndani ya Ngome Kongwe. Mimi nalisifu zaidi kwa jambo lisilopigiwa picha sana: kwa miaka mingi lilipeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba, likatandika kitambaa cheupe mbele ya wakulima na wavuvi.

Kwa nini jambo hilo ni kubwa? Kwa sababu lilijibu dharau ya siku nyingi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza filamu 35 za kumfundisha Mwafrika kilimo, afya na mwenendo mwema. Baadaye, Idara ya Filamu za Makoloni, iliyoundwa mwaka 1939, ilishikilia kwamba Mwafrika aonyeshwe picha za polepole na kisa kilichonyooka, kwani hila za kamera zingemchanganya. Mkoloni alikwenda zake, lakini kauli yake ilibaki midomoni mwetu. Hata leo, ikitajwa filamu ya majaribio, msomi wa mjini husema: "Watu wa kijijini hawataelewa."

Hawataelewa nini, ndugu msomaji? Katika ngano zetu za huku kusini, binti huolewa na mnyama aliyejigeuza mtu, marehemu husema na walio hai, na jana huingia katika kesho bila kubisha hodi. Mtoto wa miaka sita huifuata ngano hiyo mpaka mwisho. Je, akikua ashindwe na filamu?

Chukua *Maangamizi* ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando, ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi wa tamasha hilo, pamoja na Ron Mulvihill. Daktari Asira anatoka Marekani na kumkuta hospitalini Samehe, mwanamke aliyekaa kimya miaka ishirini. Mzimu wa kale unajitokeza, na mtazamaji haambiwi ndoto inaishia wapi. Bibi yeyote wa Nkowe angeuelewa mzimu huo kabla ya profesa. Kinachoweza kumkwaza ni Kiingereza anachosema Asira. Hapo ndipo penye kasoro ya filamu hiyo: imemwamini mtazamaji kwa sura, haikumwamini kwa lugha.

*Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, imeziba pengo hilo. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi, inasema Kiswahili, na inaacha ukimya uzungumze pale ambapo wengine wangejaza hotuba. Wanafunzi wetu wa sekondari wamekisoma kitabu hicho kwa mtihani. Wangapi wameiona filamu?

Hapo ndipo ninapolilaumu tamasha, nasi sote pamoja nalo. Majahazi ya kale yalitia nanga Lindi na Mikindani. Jahazi hili la filamu sijaliona likivuka kuja kwetu. Huku Nkowe, kibanda cha video huonyesha mapigano ya nchi za mbali, na kijana huamini kuwa filamu ni hiyo tu.

Dawa haihitaji ukumbi wa fahari. Vyuo vya ualimu vina mabweni yaliyojaa vijana watakaotawanyika kila kata. Wapewe filamu zilizoshinda, wajadiliane, kisha wakaonyeshe huko waendako na kusikiliza wazee watasema nini. Tamasha hupimwa kwa wanaolizungumza baada ya taa kuzimwa. Wa kwetu hawajaulizwa bado, na asiyeulizwa hawezi kuhukumiwa kuwa hakuelewa.